Mama Chuma Hakulia

Mdogo wangu alinifanya Hofu. Simaanishi kwamba alinitisha. Yule hajawahi kumtisha hata mende. Aliniweka kwenye riwaya yake, akanivalisha gauni langu mwenyewe la kazini, lile lenye mifuko miwili, akanipa na sauti yangu ya puani, kisha akaniita Bi Hofu. Katika kitabu chote sina kazi nyingine ila kukimbia huku na huko nikiwaambia watu kwamba nyumba itaungua na mtoto ataanguka. Nyumba haiungui, mtoto haanguki, na wenye hekima wananitazama kwa huruma.

Nilimjia juu. Akaniambia, "Usikasirike, dada. Huyo si wewe. Huyo ni wazo."

"Wazo gani linavaa gauni langu?"

"Lilihitaji nguo, basi, na yako ilikuwa karibu."

Mtaani walimwita Profesa, ingawa alikuwa mwalimu wa kawaida wa falsafa chuoni na cheo hicho alikuwa akikiona kwa wengine. Tangu ujana wake aliwapenda wanafikra fulani wa kale, wazee waliokufa zamani mno, waliofundisha kwamba maumivu ni maoni tu. Mwenye hekima, walisema, hutenganisha yaliyo mikononi mwake na yasiyo mikononi mwake, na haya ya pili huyaacha yapite zake. Mwili hauko mikononi mwetu. Kifo hakiko mikononi mwetu. Kilicho chetu ni namna ya kuyapokea. Mimi sina ugomvi na wafu, na baadhi ya maneno yao hata mimi yamenifaa siku mbaya. Ugomvi wangu ni namna alivyoyatumia.

Nasikia waandishi wengine humwona mtu kwanza, wakampenda au wakamchukia, ndipo wakamwandika. Profesa alianza na wazo. Alikuwa nalo tayari limeiva kichwani, ndipo akatoka kwenda kulitafutia mwili, na kwa kuwa alikuwa mvivu wa kutembea aliishia kwetu. Baba yetu, aliyeondoka nyumbani tukiwa wadogo na asirudi, akawa Usahaulifu, mzee anayeuliza njia ya kwake kwa kila anayekutana naye. Muuza mkaa wa jirani akawa Tamaa. Huyo hakununa hata kidogo; aliuliza tu kwa nini Tamaa ana meno mabovu wakati yeye yake yote yapo.

Na mama yetu akawa Utulivu. Jina lake kitabuni lilikuwa Mama Chuma.

Mama alikuwa dobi. Nyumba yetu mbele ilikuwa karakana: meza mbili za kupigia pasi, kamba zilizotoka ukuta hadi ukuta, rafu ya nguo zilizokunjwa na kufungwa na vitambaa vyenye majina ya wenyewe. Nyuma kulikuwa na sebule na vyumba viwili vya kulala. Humo ndimo alimotulea, akinyoosha mashati ya watu waliokuwa wakienda kwenye kazi nzuri kuliko yake. Nilipokua nikaichukua kazi, yeye akabaki na kola. Kola hakumwachia mtu. Umeme ukikatika alitoa pasi yake ya mkaa chini ya meza na kutucheka sisi wenye pasi za waya.

Siku moja umeme ulikatika, na kifuniko cha ile pasi kilikuwa kimelegea. Kaa la moto likamwangukia mguuni, kati ya kidole gumba na cha pili. Kwa mtu mwingine lingekuwa jeraha la kupaka dawa na kusahau. Mama alikuwa na kisukari.

Wakati huo Profesa alikuwa katikati ya riwaya. Alikuwa na desturi ya kuja kila Jumapili mchana kumsomea mama alichokiandika wiki hiyo. Mama aliketi kwenye kochi, mguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, mimi nikiwa chini nimeshika kitambaa, na Profesa kwenye kiti upande wa kichwani pake, miwani puani, karatasi mapajani. Jumapili moja akasoma hivi: kaa la moto likaanguka juu ya mguu wa Mama Chuma, naye hakuusogeza mguu. Alilitazama kama mtu anavyomtazama mgeni ambaye hakumwalika, kisha akaendelea kunyoosha kola mpaka ikakamilika.

Mama akacheka hadi maji yakamwagika. "Wewe baba wewe! Mimi siku ile niliruka kama mbuzi aliyekanyaga siafu. Nilimtukana mpaka aliyevumbua pasi. Muulize dada yako."

"Na mama yake aliyevumbua pasi," nikasema.

Profesa hakucheka. Alivua miwani. "Hiyo ilikuwa kelele ya juu juu, mama. Mimi ninaandika kilicho chini yake. Kile kilichokufanya usimame saa zote zile, miaka yote ile, bila kutulilia sisi."

"Kumbe kipo kitu kama hicho?"

"Kipo. Nimekiona tangu nikiwa mdogo."

Ninaikumbuka sura ya mama aliposikia hayo, na ndiyo sababu siwezi kumchukia mdogo wangu moja kwa moja. Katika maisha yake watu walimwambia shati limenyooka, au kifungo kimepotea. Hakuna aliyewahi kumwambia ndani yake kuna nini. Na huyu aliyemwambia alikuwa mwanawe, mtoto aliyesoma mpaka wakakosa la kuzungumza, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akija nyumbani, anasalimia, anakula, anatazama saa. Sasa alikuwa ameketi mbele yake akimtazama usoni.

"Hebu rudia hapo pa kola," mama akasema.

Gazeti la Jumamosi likaanza kuichapa ile riwaya, sura moja kila wiki. Hatukutegemea. Kwenye mtaa wetu gazeti lilikuwa la kufungia vitu, lakini ghafla likaanza kusomwa kabla ya kufungiwa. Watu walileta mashati ambayo hayakuwa hata machafu ili wapate kuchungulia ndani na kuuliza, "Mama Chuma yupo?" Muuza mkaa alipita akijigamba kwamba yeye ni Tamaa, akawataka wasichana waangalie meno. Mwanamke mmoja aliyekuwa amefiwa na mtoto alikuja akapiga magoti kando ya kochi, akamshika mama mkono na kulia. Mama akamwambia, "Yasiyo mikononi mwako, mwanangu, usiyakumbatie. Yatakuunguza." Maneno hayo niliyajua. Yalikuwa kwenye gazeti la wiki iliyopita, ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la rangi za nyumba. Lakini yule mwanamke aliondoka ametulia, na mama akabaki akitazama viganja vyake, ameridhika kama mtu aliyegundua kwamba anajua kuimba.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimwosha kidonda. Mwanzoni alikuwa akipiga kelele. "Taratibu, mama, taratibu, unaniua!" Nilikuwa nikimwambia, "Ningetaka kukuua ningetumia pasi," tunacheka, tunaendelea. Kisha ikafika wiki akaacha kulalamika. Nilipitisha kitambaa, na yeye akawa anatazama dari na kuniuliza habari za wateja. Nikafurahi. Nikadhani kidonda kinapona.

Nilikuja kuujua ukweli kwenye kufua. Nilichukua foronya ya mto wake niiloweke, nikakuta pembe moja imetafunwa. Kitambaa kilikuwa kimetoboka kwa meno na kina damu ya ufizi. Nilipouangalia mguu tena, kwa macho ya mtu aliyeshtuka, nikaona kwamba kile kidole gumba nilichodhani kina kivuli kilikuwa kimeshakuwa cheusi.

Nilimpeleka hospitali akiwa bado anaweza kukanyaga kwa kisigino. Daktari alikuwa kijana mwenye haraka lakini mwenye adabu. Alisema kidole kikatwe wiki ile ile, kabla uozo haujapanda.

Mama akatabasamu. "Mguu huu, daktari, hauko mikononi mwangu."

"Kweli, mama. Uko mikononi mwangu. Niachie."

"Hapana, mwanangu. Nitakwenda nao hivi ulivyo."

Nikaanza kumsihi. Nilisema kila nilichoweza, kwamba kidole kimoja si kitu, kwamba atatembea, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Sauti ikanipanda. Mama akanipigapiga mkono na kumwambia daktari, "Umsamehe. Huyu ndiye Bi Hofu." Na muuguzi aliyekuwa akifunga bandeji pembeni akacheka. Alikuwa amesoma gazeti. Akanitazama kwa huruma ileile ya wale wenye hekima wa kitabuni, nikaona kinywa changu kimezibwa. Kila nitakalosema, hata likiwa kweli tupu, lilikwisha kuandikwa kuwa ni hofu.

Siku iliyofuata nilifunga karakana nikaenda chuoni. Profesa alikuwa na ofisi ndogo aliyochangia na mwalimu mwingine, madirisha hayafunguki, vitabu vimepangwa hadi sakafuni. Wale wazee wake wote walikuwepo, migongo ya vitabu imechakaa kwa kushikwa. Nikamwambia habari ya kidole.

"Nimesikia," akasema. "Mama aliniambia kwa simu. Amelipokea vizuri sana."

"Amelipokea vizuri! Anaoza, Profesa. Mguu unaoza."

"Ni uamuzi wake, dada. Ni mtu mzima."

"Si uamuzi wake. Ni wa yule mwanamke wako wa chuma. Andika sura nyingine. Mfanye akubali kukatwa. Mfanye alie, apelekwe hospitali, arudi na fimbo. Mama akisikia, kesho yake atakwenda."

Alinitazama kana kwamba nimemwambia abomoe ukuta wa nyumba wenye watu ndani. "Nikimfanya alie, kitabu kizima kinaanguka. Wote wengine wamejengwa kumzunguka. Tamaa ni tamaa kwa sababu yeye hataki kitu. Wewe ni hofu kwa sababu yeye haogopi."

"Mimi ni dada yako."

"Ninajua."

"Umeshauona ule mguu?"

Akaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangwa. Hapo nikagundua jambo nililokuwa nikiliona kila Jumapili bila kulifikiria. Alikuwa akikaa upande wa kichwani. Harufu ilipoanza, alifungua dirisha na kusifia upepo. Hakuwahi kushika kile kitambaa, wala kumwaga lile beseni, wala kuinua shuka. Mtu aliyeandika kurasa na kurasa juu ya kuyatazama maumivu usoni hakuwa ameyatazama hata kwa pembe ya jicho. Nilimwambia hivyo, kwa maneno makali hata mwalimu mwenzake, aliyekuwa mezani kwake, ikabidi ajifanye anatafuta kitabu. Kisha nikarudi nyumbani kunyoosha mashati ya watu.

Uozo ukapanda. Daktari niliyemrudia peke yangu akaniambia sasa si kidole tena, ni chini ya goti, na kwamba mama akichelewa hapo hapatakuwa na cha kukata. Nikaleta gari. Nilimwomba dereva ajirudishe nyuma mpaka mlangoni, nikamtandikia mama godoro kiti cha nyuma, nikamwita muuza mkaa aje tumbebe. Mtaa mzima ulitoka. Watu walisimama kando ya barabara kimya, wengine wana watoto mgongoni, wakisubiri kuona Mama Chuma atafanya nini.

Kutoka kwenye kiti tulichomwekea mlangoni, mama alitazama gari, akawatazama watu. Midomo yake ilikuwa imekauka. "Rudisha gari la watu, mwanangu," akasema. Mtu mmoja nyuma akapiga makofi, na wengine wakafuata. Muuza mkaa peke yake hakupiga. Alisimama ameshika mlango wa gari, machozi yanamtoka, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mimi ningekwenda. Mimi hata nusu ya uhai ningeitaka." Nikamwambia basi yeye ndiye mwenye akili kuliko wote mle kitabuni.

Jioni hiyo nilimpigia Profesa simu, na safari hii sikumtukana. Nilimwambia, "Njoo uoshe mguu wa mama yako. Mara moja tu." Sijui ni nini kilimleta. Pengine ni kwamba sikupiga kelele. Alikuja, akakunja mikono ya shati, akapiga magoti pale ninapopiga mimi. Mama alikuwa amesinzia kwa homa. Nikainua shuka. Alishika kitambaa, akakichovya, akauosha mguu wote taratibu mpaka juu ya kifundo ambako ngozi ilikuwa imebadilika, na alipomaliza akaenda uani akatapika. Alirudi, akaketi sakafuni na kuegemeza kichwa kwenye kochi, akasema, "Nitaandika."

Aliandika bila kulala, akarudi asubuhi, ingawa haikuwa Jumapili. Mama alikuwa macho, amepata nafuu kidogo. Profesa akaketi, kwa mara ya kwanza upande wa miguuni, akasoma. Mama Chuma alipiga yowe. Lilikuwa yowe la mtu mzima anayeumia, na majirani walipokuja mbio aliwaambia, niitieni daktari, sitaki kufa.

Mama alisikiliza amefumba macho. Aliposikia hapo akafumbua. "Nani huyo?"

"Mama Chuma."

"Siye."

"Ni yeye, mama. Amebadilika."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu anaumia."

"Maumivu si maoni tu?"

"Niliandika vibaya."

"Hukuandika vibaya. Yule aliyefiwa na mtoto ameanza kulala usiku kwa ajili ya maneno yale. Leo utamwambia nini? Kwamba mwenye maneno ameyakimbia?"

"Mama, nisikilize. Wale wazee wangu hawakusema mtu ajiache afe. Walisema pia kwamba mwenye akili hutunza mwili wake inapowezekana, na akipata dawa huitumia, ila haipigii magoti. Wamesema wazi kabisa. Hiyo sehemu mimi niliiruka."

"Uliirukia nini?"

"Haikufaa kwenye hadithi. Mtu anayekwenda hospitali na kurudi... hasimami kama mnara. Nilitaka asimame."

"Basi amesimama," mama akasema. "Usimwangushe sasa. Kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana. Hilo tulikuwa nalo hata kabla ya wazee wako."

"Kondoo hakuulizwa!" nikasema mimi kutoka mlangoni.

"Bi Hofu," mama akanijibu, kwa upole, bila hata kunigeukia.

Profesa aliendelea. Alimbembeleza, akanukuu, akaeleza tofauti ya kuvumilia na kujitupa. Mama alimjibu kila hoja kwa sentensi za Profesa mwenyewe, zile alizomsomea Jumapili baada ya Jumapili, na alikuwa amezishika kuliko yeye. Nilikuwa nikimwona msomi wa ukoo wetu akishindwa na mtu aliyemtunga. Mwishoni mama akamtaka aape kwamba gazetini itakwenda sura ya zamani, ile ya ukimya. Akaapa. Nilimwangalia akiapa huku analia, na nilitamani kumpiga kwa kitu chochote kilichokuwa karibu.

Hakuchukua muda baada ya hapo. Homa ilipanda ikakaa, tukamhamishia mama chumbani. Muuguzi wa zahanati alikuwa akija kumchoma sindano za maumivu, lakini zilikuwa zikiisha nguvu kabla hajarudi. Profesa aliomba likizo akahamia sebuleni, akawa analala kwenye kochi na mchana anasahihisha mitihani ya wanafunzi, maana hakuweza kukaa bure. Alikuwa akiingia chumbani kila mara, na kila alipoingia mama alikuwa ametulia, anatabasamu, anamuuliza kama amekula.

Siku ya mwisho, mchana, jua likiwa kali na karakana imefungwa, mama alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. "Funga mlango," akasema.

"Kuna joto, mama."

"Funga, mwanangu. Funga vizuri."

Nilifunga. Akaniambia niwashe redio, niongeze sauti. Kisha mama yangu akalia. Alilia kama mtoto mdogo aliyeachwa peke yake, mdomo wazi, bila aibu, akinishika mabega, akimwita mama yake aliyekufa kabla sisi hatujazaliwa. Aliniambia unauma, unauma mno, umeuma tangu siku ya kwanza. Nilipanda kitandani nikamkumbatia kwa nyuma.

"Ngoja nimwite Profesa," nikasema.

"Hapana! Asisikie. Kitabu chake kitaharibika."

"Mama, kitabu ni kitu gani?"

"Wewe hujui." Alipumua kwa shida. "Hajawahi kunitazama hivi tangu alipokuwa ananyonya. Wewe nilikuwa nawe kila siku. Yeye nilimpata humo tu."

Redioni mtu alikuwa akisoma bei za mazao.

"Siku ile uliyoleta gari," akasema, "nilisikia injini inaunguruma, nikatamani mnibebe kwa nguvu. Nilitaka kwenda. Nilitaka sana. Lakini watu wote wale walikuwa wametoka kuja kutazama. Ningemfanya mtoto aonekane mwongo mbele za watu."

"Twende sasa. Twende sasa hivi, mama."

Akatikisa kichwa. Sote wawili tulijua kwamba hapakuwa tena na pa kukata. Alilia mpaka nguvu zikamwishia, akalala mikononi mwangu, na kabla ya magharibi akakata roho. Nilimfuta uso ndipo nikafungua mlango. Profesa aliingia akamkuta amelala amenyooka, uso umetulia, akapiga magoti.

Msibani kila mtu alikuwa na sentensi moja mdomoni. Hakulia. Mama Chuma hakulia. Waliisema wakipeana mikono, waliisema wakiosha vyombo. Mwanamke mmoja wa mtaa wa pili, ambaye daktari alikuwa amemwambia uvimbe wake wa titi utolewe, alisema mbele yangu kwamba na yeye sasa amepiga moyo konde, haendi. Nilimvuta pembeni nikamweleza yote niliyoyasikia mle chumbani. Alinisikiliza kwa heshima. Kisha akasema, "Pole, dada. Najua umefiwa." Alikuwa na gazeti kwenye mkoba.

Kwa hiyo Profesa alipokuja karakanani baada ya mazishi, akiwa na karatasi mkononi, nilikuwa nimeshajua nitakachofanya. Aliketi kwenye benchi la wateja. Alikuwa amekonda, kola ya shati lake imejikunja, na hakuna wa kumnyooshea.

"Ni sura ya mwisho," akasema. "Gazeti linaisubiri. Nataka uhakika wa jambo moja, dada, kwa sababu mimi sikuwemo. Alipoondoka alikuwa ametulia?"

Kwa kitambo nilifikiria alichoniomba mama. Nikafikiria na yule mwenye uvimbe.

"Alilia," nikasema.

"Hapana. Ningesikia. Nilikuwa sebuleni."

"Alinituma nifunge mlango. Aliniambia niwashe redio, ili usisikie. Alisema kitabu chako kitaharibika."

Karatasi zilikuwa mapajani mwake. Hakuzishika, na moja ikateleza sakafuni.

"Alitaka kwenda hospitali?" akauliza.

Ningeweza kusema hapana. Neno ni jepesi, na angeishi nalo.

"Alitaka sana. Siku ya gari alitaka tumbebe kwa nguvu. Aliogopa utaonekana mwongo."

Mdogo wangu alifungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ileile niliyoisikia nyuma ya mlango uliofungwa, ileile kabisa, kana kwamba ameirithi. Muuza mkaa alikuja mbio akidhani kuna msiba mwingine. Watu wakasimama dirishani. Sikumshika. Nilisimama nyuma ya meza yangu nikimtazama. Nilikuwa nimetaka aumie. Aliumia, nikamwona akiumia, na haikunipunguzia kitu.